Aliyetangulia Kunyolewa

...na angekuwa mtu mwingine yeyote ningesema ni nywele tu, watu hunyoa, joto la Kahama peke yake ni sababu ya kutosha, lakini ni Maganga, amekaa kwenye kiti cha Enock, kitambaa cheusi kimefungwa kwenye shingo yake nene, na amesema "toa zote", na Enock ameuliza "zote, bosi? Una msiba?", na yeye amerudia tu, taratibu, "toa zote", na mashine imewashwa, na mimi niko kwenye benchi chini ya redio nasubiri zamu, mimi niliyefiwa, mimi ninayetakiwa kesho Maganzo kwa wakwe zangu nikiwa na kipara, kwa sababu kesho ndiyo siku ya kumaliza msiba wa mke wangu Philomena na ukoo wao hunyoa, wenye msiba tu, jirani hanyoi, rafiki hanyoi, na Shangazi Lusia alinipigia simu mwenyewe, "Baba Juliana, siku hizi wembe mmoja hauzunguki vichwani, maradhi ni mengi, kila mtu anyolewe huko aliko aje na kipara chake, ila mume atangulie, kichwa chochote kisiguswe kabla ya chako, umenisikia?", nikasema nimekusikia shangazi, na nilikuwa nimesikia, na sasa nywele za Maganga zinaanguka sakafuni hapa mtaa wa Nyahanga na zangu bado ziko kichwani. Nilipoingia alikuwa tayari kwenye benchi, akanyanyuka nusu, akasema "Mwadila, Baba Juliana", nikaitikia kwa Kisukuma changu cha Mha wa Kasulu, akakaa tena, nikadhani amekuja kuchonga ndevu, nikamsogelea kwa heshima, tukakaa magoti yakikaribiana kama wanaume wawili wasio na neno, na kweli hatuna neno, hatujawahi kuwa na neno, hilo ndilo tatizo... "Mrefu anamkimbia," anasema Ignas wa bodaboda, ambaye hajaja kunyoa, huja hapa kubishana, "mimi nawaambia, anamkimbia", maana redio imesema lile pambano la ndondi la uzito wa juu limeahirishwa tena, wale wawili ambao dunia nzima inataka kuwaona ulingoni, na Enock anasema bila kuondoa macho kichwani kwa Maganga, "hakimbii mtu, Ignas, wanakimbia pamoja", na Ignas anacheka, "wewe kinyozi wewe, watu wakimbie pamoja wapate nini?", na Enock, "wanapata kuitwa mabingwa wote wawili, wewe ungeacha?" Zote, amesema. Nani amemwambia siku? Siku ya kunyoa haitangazwi kanisani, husemwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba ile kuna Suzana, mdogo wake Philomena, ambaye siku zote amemwita Maganga kaka, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitwa nayo shemeji, na nikisimama sasa hivi nikasema Enock zima mashine, bwana huyu anyoa kwa ajili ya nani, atajibu, si mtu wa kusema uongo, atageuka na kichwa chake cha nusu na atajibu, na ndipo nitajua kilichokuwa kati yake na mke wangu kabla yangu, na kama kilikwisha... Maganzo wote wanajua isipokuwa mimi, mimi najua vipande, kwamba alichekecha mchanga wa almasi na kaka yao, kwamba alikuwa anakula kwao, kwamba watu walishamhesabu mkwe, kisha Philomena akaja chuoni Dar, akanikuta mimi nasomea upimaji wa ardhi, na basi, hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini ilikuwa basi, na yeye mwenyewe nilipomuuliza mwaka wa kwanza wa ndoa alisema "Maganga ni mtu wa nyumbani", akaendelea kukunja nguo, mtu wa nyumbani, sentensi isiyo na kipimo, nimeishi nayo zaidi kuliko nilivyoishi na nyumba. "Tatizo mapromota," anasema Ignas, "kila mmoja anataka mgawo mkubwa", na Enock anasema mapromota ni kisingizio, na kisingizio hakikosekani, leo bega, kesho televisheni, keshokutwa mkanda. Kweli. Nililiona hilo kwa macho yangu Kharumwa, wenye maduara wawili, mashimo yao ya dhahabu yamepakana, kila mmoja anaapa kilima chote ni chake, barua kila mwezi, tunataka mpimaji, aje leo, nikaenda na vifaa, mmoja ameugua tumbo, nikarudi mwezi uliofuata, mwingine ana mazishi Geita, nikarudi tena, barabara imekatika upande wa wote wawili, nikaelewa, nikapanda gari nikacheka peke yangu njia nzima, kwa sababu kilima kisipopimwa kila mmoja anakunywa chai yake asubuhi akiwa mwenye kilima kizima, na siku nitakaposimika jiwe la mpaka mmoja atakuwa na nusu na mwingine atakuwa na nusu, na nani anataka nusu... nilicheka. Sikujiona. Pale kwenye harusi ya Suzana, Maganga alikuja na shati jeupe, ameanza kufanikiwa, ana karasha lake la kusaga mawe, akanijia moja kwa moja uwanjani, nikaona watu wanasogeza viti, wanatupa nafasi, shangazi mmoja kabisa akamwinua mtoto aliyekaa njiani, wote walikuwa wamesubiri miaka, na mimi nilikuwa nimevua koti, nakumbuka koti, na Philomena akapita katikati na sinia la pilau, akasema "Baba Juliana, soda zimeisha upande wa wazee, na wewe Maganga jenereta linakohoa nenda kaliangalie", na tukaenda, mmoja kwenye soda, mmoja kwenye jenereta, wanaume wazima wawili, na tuliporudi alituchekea sote wawili, akasema neno kwa Kisukuma, Maganga akacheka papo hapo, na mimi nikalielewa baadaye, nikiwa nimekaa, kicheko changu kikatoka peke yake wakati wao wameshamaliza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara, nilifika mahali pale pale nikiwa nimechelewa. "Lakini wangepigana," anasema Ignas, "wewe Enock sema, nani angeanguka?" na Enock, "hapo ndipo utamu ulipo, hujui", na anainamisha kichwa cha Maganga kwa vidole viwili, na kichwa kinainama, kwa utiifu ambao sikuutegemea kwa mwili ule... Kaburini alichimba. Alivua shati akachimba na vijana, na msemaji wa msiba alipoanza kuita watu waweke mashada, mume, mtoto, wazazi, ndugu, wafanyakazi wenzake, nilimwangalia, nilitaka kuona ataitikia wito upi, akasimama tu na udongo mikononi hadi wakaitwa majirani, akaja na majirani, katikati ya kundi, akaweka ua moja, na mimi nilifurahi. Siku ile, mbele ya kaburi lile, kitu kimoja kilinifurahisha, na ni hicho. Na sasa nani amemwambia siku... ngoja. Karasha lake liko Kharumwa. Kharumwa kuna vinyozi, njia nzima hadi hapa kuna vinyozi, mtu hatoki Kharumwa kuja kunyolewa Nyahanga kwa kinyozi anayemwita bosi kwa kutojua jina lake, isipokuwa hataki kuulizwa na wanaomjua, una msiba, wa nani, ni nani wako, na angekuwa anatafuta nafasi katika ukoo angenyolewa Maganzo, mbele ya Shangazi Lusia, wamwone, lakini amekuja hapa kujificha, na katika mji mzima ameangukia benchi langu, na ule mnyanyuko wake wa nusu nilipoingia haukuwa heshima, alitaka kuondoka, akaona ameshaonekana, akakaa. Hakuna aliyemwambia siku. Suzana hakumwambia. Amehesabu mwenyewe siku tangu mazishi. Na hakuna aliyempigia kumwambia mume atangulie, maana wa kupigiwa ni wenye msiba, hakujua kuna foleni, amenitangulia kwa kutojua, na hiyo ndiyo inayouma zaidi, kwamba angejua angesubiri, angekaa na nywele zake mpaka zangu zianguke, kwa adabu ile ile ya kwenda kuangalia jenereta. Basi ni nini ninachomwonea wivu, mimi niliyepata nyumba, mtoto, wito wa kwanza kaburini, simu ya shangazi... kwamba yeye hakuambiwa anyoe. Hicho. Mimi naambiwa. Mimi nikinyolewa hakuna atakayejua kama ni huzuni au ni utaratibu, na hata mimi sina chombo cha kupima hilo, na yeye kila unywele unaoanguka pale sakafuni ni wake mwenyewe, hakuna aliyeutaka. Nilidhani nasubiri kujua nani angeshinda. Aliyekuwa anatutenganisha kwa sinia la pilau ndiye aliyekuwa jaji pekee, na jaji amelala Maganzo, na sisi tumebaki na ulingo, viti vimesogezwa, hakuna wa kuhesabu. Mashine imenyamaza, Enock anaipuliza meno, nywele ndogo zinaruka kwenye mwanga wa mlangoni, nusu ya kichwa cha Maganga inang'aa na nusu bado ni nyeusi, na kwenye kioo macho yake yamenikuta, mekundu, hayakimbii, yanasubiri niseme, anajua ninaweza kusema, na Enock anageuka, "Injinia, wewe msomi tuamulie, kwa nini hawa watu hawapigani?", nami si injinia, nimemwambia mara ngapi, ni mpima ardhi, lakini leo sisahihishi, nasema, "Mmalizie huyo kwanza", na Ignas anasema, "si umeona, hata msomi amekimbia swali", wanacheka, mashine inawaka tena, Maganga ameinamisha kichwa, na mimi bado niko kwenye benchi, chini ya redio, na nywele zangu zote, na kesho Shangazi Lusia atapitisha kiganja juu ya kipara changu kama wanavyofanya, ataniuliza mbele ya wote, kuna aliyekutangulia?, nami nitasema hakuna, nitasema wazi, hakuna, na sijui hata sasa kama nitakuwa nimemsitiri Maganga au nimemnyima nafasi yake...