Kipimo cha Tatu

Haya, sogeeni, na mwenye kusinzia asinzie, maana hadithi yenyewe inaanzia usingizini. Sikudhani yuko juu ya kitanda chembamba cha hospitali, mchana kweupe, amevalishwa gauni lililo wazi mgongoni, anasubiri kupimwa kwa mara ya tatu jambo ambalo kila mtu analijua tayari. Mtoto aliye tumboni mwake, fuvu la kichwa halikuumbika. Madaktari wawili wameona, wamemwambia yeye na mumewe Mahadhi bila kuficha: akizaliwa hafiki jioni, na mama mwenyewe presha inampanda kila wiki. Wamelia, wamesali, wamekubaliana mimba itolewe. Mngedhani yameisha? Thubutu! Katika nchi ya hadithi hii, na msiniulize ni ipi, ipo sheria inayosema mimba haitolewi mpaka mwanamke apimwe kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, kisha skrini igeuzwe imwelekee, aonyeshwe. Daktari hakihitaji kipimo hicho, ameshaona kwa juu ya tumbo, mara mbili. Anayekihitaji ni sheria. Na siku hiyohiyo Bunge linajadili kifungu hicho kifutwe au kibaki, runinga ya kwenye korido imefunguliwa sauti mpaka mwisho, wabunge wanagonga meza, na nesi Eufrasia anamwambia Sikudhani, pumzika kidogo mama, ndiyo nawasha mashine. Sikudhani anafumba macho kwa hasira, si kwa usingizi, lakini usingizi nao hauchagui.

Anashuka kitandani upande wa ukuta, na ukuta unampisha. Yuko barabarani. Barabara nyeupe ya chokaa, inakwenda, inajikunja, inarudi inampita ubavuni kama haimjui, inakwenda tena, naye anaifuata akiwa na lile gauni lake, mkono mmoja nyuma kalishika lisifunuke. Sikudhani ni fundi wa kupaka rangi nyumba, na hata ndotoni fundi ni fundi, anaitazama ile chokaa anasema moyoni, hii haikupigwa msasa, itabanduka yote. Na kweli inabanduka, kila anapokanyaga inabanduka, na chini yake kuna barabara nyingine, na chini ya hiyo nyingine, mpaka anajikuta amezama katikati ya mji. Mji gani sasa! Nyumba zote kuta zake ni vioo, milango vioo, vibaraza vioo, na kila kioo kinamwonyesha yeye, si kwa mbele, kwa nyuma. Anageuka, anajiona mgongo. Anageuka tena, mgongo. Jamani, mtu azunguke mji mzima asikutane na uso wake! Anabana gauni, anatafuta wa kumuuliza njia, na hapo ndipo anapomwona bwana mmoja wa suti na tai, kasimama pembeni kama anayemsubiri. Bwana huyo hana uso. Pale pa uso pamepakwa rangi moja tu, laini, hapana jicho, hapana pua, lakini sauti anayo, tena ya adabu kupita kiasi.

Karibu mama mheshimiwa, anasema yule bwana.

Starehe, anajibu Sikudhani, samahani kaka yangu, njia ya kutokea humu ni ipi? Yule bwana hajibu njia wala nini, ananyanyua kidole, anasema: Kitendawili! Na Sikudhani, aah, nyie wenyewe mnajua. Nani kati yetu aliyelelewa na bibi akasikia neno hilo akaweza kukaza mdomo? Mdomo unajibu kabla akili haijaamka. Tega! anasema Sikudhani, na papo hapo milango yote ya vioo inajibamiza, kwa mpigo mmoja, kama imepewa amri. Vizuri sana, anasema Bwana Bila Uso, umekubali kwa hiari yako. Nyumba yangu haina mlango. Sikudhani anataka kucheka kwa jinsi kilivyo chepesi, mtoto wa chekechea anakijua, anajibu, yai. Siyo, anasema yule bwana. Siyo vipi? Nyumba isiyo na mlango ni yai, tangu dunia iumbwe ni yai! Ilikuwa yai mpaka jana, mama, kifungu kimerekebishwa, siku hizi hakuna nyumba isiyo na mlango, ni suala la kifaa tu. Umeshindwa. Nipe mji.

Basi ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, na Sikudhani anajisikia akitoa mji aliozaliwa, Pangani, chukua Pangani, na kwenye kioo cha mbele yake Pangani inatokea, na Bwana Bila Uso yumo ndani yake anatembea. Nimekwenda Pangani, anaimba, kama waimbavyo wategaji wote wakishapewa mji, nimekula, nimelala, hakuna aliyenizuia. Lakini mtegaji wa kweli akishaimba hutoa jibu, na huyu hatoi. Anaingia nyumbani kwa mama yake Sikudhani, anafunua chungu, ananusa, anavuta pazia la chumbani. Weee! anapiga kelele Sikudhani, anagonga kioo kwa ngumi, mbona hukupiga hodi? Mimi napewa funguo za nyumba za watu, napewa na fedha ya kazi mkononi, na bado nasimama mlangoni nasema hodi, hodi, hodi, na nisipoitikiwa mara ya tatu narudi na ndoo zangu za rangi. Funguo ninazo, ruhusa sina! Bwana Bila Uso anageuka kule ndani ya kioo. Mama, anasema kwa upole, hodi ni ya wageni. Sheria si mgeni popote.

Wanakwenda, au mji unakwenda wao wamesimama, haieleweki, vichochoro vinafunguka na kujifunga. Sikudhani anauliza tena njia ya kutokea, tena kwa heshima, maana kalelewa, na tena anaambiwa Kitendawili, na tena, hasira zinamkaba, mdomo unamsaliti: Tega! Anataka kujizaba kibao. Wanakijua wote, wanakitazama wote, mwenye nacho haulizwi, anatega yule bwana. Mwili wangu, anasema Sikudhani, bila kufikiri hata kidogo. Umekaribia, anasema yule bwana, lakini kukaribia si kupata, nipe mji. Anatoa Tanga, mji anaoishi na Mahadhi, na papo hapo anamwona yule bwana kwenye kioo, kasimama katika chumba kidogo cha nyuma alichokipaka Sikudhani mwenyewe rangi ya maziwa, kwa mikono yake, tumbo likiwa limeanza kuonekana, Mahadhi kashika ngazi anamwambia shuka mke wangu, shuka, nitamalizia mimi. Bwana Bila Uso anapitisha kidole ukutani. Hapa Sikudhani analia. Analia kwa uchungu na kwa ghadhabu, vyote pamoja, mkono mmoja bado nyuma umeshika gauni.

Na machozi yake yanamfikisha ukumbini. Ukumbi mkubwa, wa vioo pia, umejaa watu waliokaa kwa mistari, wote suti, wote bila nyuso, na katikati kimewekwa kitanda chake kilekile chembamba. Bwana Bila Uso anapanda kwenye kiti cha juu kabisa, kumbe yeye ndiye Spika. Mjadala umepamba moto. Mmoja anasema kifaa chenyewe chembamba, jambo la dakika mbili, makelele ya nini? Mwingine anadakia, kwani hiyo mimba iliingiaje, na ukumbi mzima unaangua kicheko, wanagonga meza, wanapeana mikono. Mngemwona Sikudhani pale! Damu inachemka mpaka masikioni. Mimi ninayewasimulia nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila nikifika hapa nataka kuwatupia kiatu.

Anasimama mwanamke mmoja, na yeye peke yake ana nusu ya uso, jicho moja na upande wa mdomo. Mimi sicheki, anasema. Mimi niliitoa ya kwangu nikiwa msichana, walinificha, hawakunionyesha kitu, nikaja kujua mbele ya safari nilichokuwa nimekibeba, na mpaka leo silali. Nataka huyu aone, asije kudanganywa kama mimi. Sikudhani anamtazama lile jicho moja, na hasira zinampungua kwa sababu anamwamini. Pole dada yangu, anamwambia, pole sana, wallahi. Lakini niambie, wakati ule, ungependa ulazimishwe kuona, au ungependa uulizwe? Ningependa niulizwe, anasema. Basi na mimi, anasema Sikudhani. Na yule mwanamke anatikisa kichwa kukubali, jamani, anakubali kabisa, anakaa kitini, na mkono wake bado uko juu kuunga mkono kifungu. Hapo utasemaje?

Kitendawili! anasema Spika kutoka juu, na safari hii Sikudhani anauma midomo mpaka anaonja damu. Hajibu. Amejifunza. Kitendawili! Hajibu. Ukumbi unanong'ona, wanapekua vitabu, kisha Spika ananyanyua mikono kwa furaha. Waheshimiwa, mwari akiulizwa kama ameridhia ndoa akanyamaza, sisi husemaje? Kimya ni ridhaa! wanaitikia wote. Basi ameridhia, alazwe. Mimi si mwari! anapiga kelele Sikudhani, na hapa hakuna harusi! Nikisema nimekubali, nikinyamaza nimekubali, sasa mnataka nikatae kwa kiungo gani? Lakini watu wameshainuka, wanakuja kwa adabu ileile, samahani mama, samahani, wanamshika mabega, na mwisho kabisa wa uwezo wake, hana mji wa kutoa wala pa kukimbilia, anavuta pumzi anapiga ukelele mmoja:

Kitendawili!

Na ukumbi mzima, wote, suti na tai zao, mpaka Spika juu ya kiti chake, kwa sauti moja: Tega! Kwani na wao hawakulelewa na bibi? Wanaganda pale walipo, wametega masikio wenyewe, hawawezi kurudi nyuma. Sikudhani anatega. Nina mgeni, nimempakia chumba rangi, hataingia. Nani amuage? Mmoja anasema, daktari. Siyo. Mwingine, mumewe! Siyo. Serikali! Siyo. Viongozi wa dini! Siyo, siyo. Skrini, anasema yule aliyechekesha watu, na safari hii hakuna anayecheka. Wanataja kila mtu na kila kitu, wanataja kamati na kamati ndogo, na yeye amesimama katikati yao wanamtazama, hawamtaji. Mmeshindwa, anasema Sikudhani. Nipeni mji. Chukua Pangani, wanasema, tunakurudishia na Tanga yako. Sitaki miji. Nirudishieni mimi. Eee, hilo, anasema Spika, hilo linahitaji kura. Wanaoafiki waseme ndiyo! Wasioafiki waseme siyo! Na sauti zinapanda zote kwa wakati mmoja, ndiyo na siyo zimechanganyika, vioo vinatetemeka, Sikudhani anapiga kelele sisikii, sisikii, walioshinda ni akina nani, na Spika anainama kutoka juu kumtangazia, na pale pasipo na mdomo panaanza kufunguka.

Mama. Mama, amka. Mwanga wa taa, dari, harufu ya spiriti. Mtu ameinama juu yake na barakoa imemfunika mpaka chini ya macho, na Sikudhani anajirusha nyuma, anauliza, walioshinda ni akina nani? Ni mimi, Eufrasia, anasema nesi. Kwenye korido runinga bado inaunguruma, na sauti ya adabu kupita kiasi inasema muda haututoshi waheshimiwa, Bunge linaahirishwa, tutaendelea kesho asubuhi. Kesho! Wao wana kesho. Nyuma ya mlango anasikika Mahadhi akibishana na mtu, niacheni niingie, ni mke wangu. Eufrasia amevaa glavu, kifaa kiko mkononi tayari. Pole mama, anasema kwa sauti ya chini, nisipokifanya kipimo hiki daktari haruhusiwi kukuhudumia, na mimi nafungwa.

Niulize, anasema Sikudhani.

Nikuulize nini?

Niulize kama nimekubali. Vua hicho kitambaa nikuone uso, halafu uniulize.

Na ukikataa?

Nikikataa utaendelea, najua, presha yangu haisubiri Bunge. Wewe niulize tu.

Eufrasia anatazama mlango, kisha anashusha barakoa. Ni mwanamke wa makamo, ana uchovu, ana mdomo, ana kovu dogo kidevuni. Mama Sikudhani, anauliza, umekubali nikupime?

Hapana, anasema Sikudhani.

Nimesikia, anasema Eufrasia, na machozi yanamlengalenga. Anasimama hivyo na kifaa chake kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Kisha anaigeuza skrini imwelekee mgonjwa, kama ilivyoandikwa, na anapoigeuza ananong'ona: sheria inasema ikuelekee wewe, haisemi ufumbue macho. Sikudhani anajilaza. Anafumba. Kitu cha baridi kinamgusa, na kwa mbali kuna sauti za watu wanaosema ndiyo na siyo, hajui zinatoka kwenye runinga au kule ukumbini, hajui kama ameamka na kulala tena au hakuwahi kuamka, na hana hata haja ya kujua, kwa kuwa pande zote mbili lazima apitie. Anaweka mkono juu ya tumbo kabla hajaonyeshwa chochote. Nenda, baba, anasema. Ni mama yako ndiye anayekuaga.