Baki

Kwenye skrini, binti mwenye kofia nyekundu alifumba midomo, akaifumbua, na theluji ikamdondokea mabegani. Mtia sauti alipaswa kumpa Kiswahili.

"Usiende," alisema kwenye maikrofoni.

"Haikai, dada," alisema fundi mitambo. "Mwenzio anaanza na midomo iliyofumbwa. Tupe neno la b, au hata m."

"Baki."

"Hapo sasa! Kama kapimiwa."

Hiyo ndiyo kazi iliyompa ugali wake: kuzitia Kiswahili filamu za mapenzi za Krismasi. Zote baba mmoja, mama mmoja. Binti wa mjini atakwama kijijini, atagombana na muuza miti ya sikukuu, atampenda, watakosana kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza, kisha mwanamume ataondoka na kurudi mbio kabla mishumaa haijazimika. Pale studio walizicheka. Yeye alizipenda, wala hakuona haya. Tangu ukimya uingie nyumbani kwake, ndizo pekee zilizomhakikishia kwamba aendaye hurudi.

Alasiri, alipofika nyumbani, alimkuta mumewe akihangaika na zipu ya begi. Halikuwa begi la kwenda na kurudi. Hata pasi alikuwa ameipakia.

"Nimekungoja, nisiondoke kama mwizi," mumewe alisema. "Tumeshazungumza vya kutosha."

Hawakuwa wamezungumza. Walikuwa wakiulizana tu gesi imekwisha lini na nani kaacha dirisha wazi.

Alilitafuta neno, na lililokuwa karibu na ulimi likamtoka, safi, pumzi ikiwa mahali pake.

"Baki."

Mumewe alimtazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Hata leo," alisema. "Hata leo unaniletea ya studio. Nani anasema 'baki' nyumbani kwake?"

Alitaka kumweleza habari ya midomo, ya herufi b, ya fundi. Kabla hajaanza, mlango ulikuwa umeshafungwa, taratibu, kistaarabu, na huo ustaarabu ulimuuma kuliko kishindo. Aliyebaki ni yeye.

Baada ya muda alitoka akaketi kwenye ngazi. Alijua ni upuuzi, lakini mazoea yana taabu: mwanamume hufika kwenye kona, husita, hugeuka. Akatega sikio. Na kweli, viatu vikaanza kupanda kutoka chini, vizito, vyenye haraka. Aliinuka, akajifuta macho kwa kiganja, "usiniache" ikiwa imemjaa kinywani.

Aliyetokea alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, amekumbatia mfuko wa viazi.

"Za nyumbani, jirani?"

"Nzuri."

"Na shemeji, hajambo?"

Ngazi zilikuwa tupu hadi kwenye mlango wa barabarani.

"Hajambo," alijibu, akajibana ukutani ili jirani apite.