Ukuta wa Kaburi la Kina Kang

Siku kumi kabla ya sikukuu ya mavuno, Bu Mi-ran alikuwa akiburuta shuka nyeupe ya flana juu ya nyasi za makaburi na kuwahesabu kupe walionasa. Ndiyo kazi iliyomleta kijijini, kisiwani Jeju: kujua kupe ni wangapi, na nani anawaleta. Ndani ya ukuta wa kaburi la kina Kang alipata mia tatu na sita. Ukuta huo wa mawe ulijengwa kuzuia ng'ombe, lakini ulikuwa na pengo.

Hapo ndipo Kang Tae-ho alipofyeka nyasi za kaburi la baba yake mwaka jana, akaumwa na kupe, homa ikammaliza kwa siku tisa. Mama yake, Bibi Sun-deok, alitaka kujua aliyewaleta, basi. Kijiji kizima kilimjibu kwamba ni paa wa mlimani. Bibi hakuamini, maana walijibu upesi mno.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye ghala la machungwa. Paa naye alihudhuria, kwa kuwa ndiye mshtakiwa, akasimama karibu na mizani.

Mi-ran alifungua chupa yenye kupe wake. Kupe wa Jeju wakifunguliwa humrudia aliyewabeba. Hilo halina mjadala kisiwani. Wakajipanga mstari, wakampita paa bila kumgusa ukwato, wakapanda viatu vya Mwenyekiti wa kijiji, Ko Chang-su.

"Ng'ombe wako unawalishia wapi, Mwenyekiti?" Bibi aliuliza.

"Bibi yangu, hawa wadudu tu! Hata mbwa wa jirani hunifuata."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu nimemzika kwa ajili ya majani ya bure ya ng'ombe wako?"

Watu waliangalia machungwa. Nusu yao walikuwa na ng'ombe katika kundi lile lile la mwenyekiti.

Kura zikapigwa, paa akapatikana na hatia. Akainamisha kichwa, akatoka. Mi-ran aliandika alichokiona, na mwenyekiti akagonga muhuri kwenye fomu nyingine.

Siku ya sikukuu bunduki zilisikika mlimani. Bibi alipanga keki za mchele mbele ya kaburi. Mwenyekiti alikuja kuwainamia marehemu, kama adabu inavyotaka, na kupe mia tatu na sita nyuma yake. Watu wakasogea kidogo kuwapisha.

Alipoondoka, Bibi aliokota jiwe akaliweka kwenye pengo. Kesho yake halikuwepo.