Tita la Kuni Ukutani

Mimi ndiye niliyeendesha projekta ya misheni pale Othaya, na kila Desemba nilionyesha katuni zilezile: theluji, mzee mwenye ndevu nyeupe, watoto wenye nywele za manjano wakifungua zawadi. Watoto wetu walitazama kwa adabu, kama wageni kwenye arusi ya mtu wasiyemjua. Mimi sikuona ubaya. Picha ni picha, nilisema.

Mwaka wa 1974 mwalimu Gaudencia, aliyehamishiwa kwetu kutoka Butere, aliniambia waziwazi kwamba nimezoea vibaya. Alitaka Krismasi hiyo watoto wajione wenyewe ukutani. Padre alikuwa na kamera iliyoweza kupiga picha mojamoja, naye Gaudencia angechora. Nilimwambia anajisumbua bure. Akachora mwezi mzima, karatasi mia tatu: bibi anashuka mlimani na tita la kuni, akawapikie wajukuu chapati za Krismasi.

Kabla ya kuzipiga picha aliwaonyesha darasa la tatu, akizifyatua karatasi kwa kidole gumba mpaka bibi akatembea. Watoto wakaangua kicheko, lakini si kile alichokitaka. Bibi alikuwa amebeba kuni kichwani, kama wabebavyo akina mama wa kwao Butere.

“Mwalimu, cucu wa hapa habebangi hivyo,” mtoto mmoja, Wachuka, alisema, akimwita bibi kwa Kikuyu. “Huyo si wetu.”

Nilimwona Gaudencia akizikusanya karatasi zake, na kusema kweli iliniuma. Muda ulikuwa umebana, na filamu ilibidi iende Nairobi kusafishwa. Ningekuwa mimi ningezitia motoni zote. Yeye alikwenda kwa cucu Wakonyo, mjane mwenye ulimi mkali aliyekaa karibu na shule, akaomba amtazame akibeba. Wakonyo akajitwika tita mgongoni, ukanda wa ngozi ukipita kwenye kipaji cha uso. Akamwonyesha hata alama iliyochimbika pale kwa miaka mingi, akamwambia aichore nayo, maana ameitolea jasho. Gaudencia akaanza upya, karatasi ya kwanza, akichora mchana na usiku.

Filamu ilirudi siku moja kabla ya Krismasi. Mchana huohuo tulifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, nikaanza na zile za theluji. Kimya, adabu. Kisha nikaweka yake. Bibi alipotokea juu ya shamba la majani chai, ameinama, ukanda kipajini, watoto walipanda juu ya mabenchi, kila mmoja akidai huyo ni cucu wake. Furaha ilinijaa hata nikasahau kuangalia mashine.

Bibi wa ukutani alifika mlangoni kwake, akasimama na mzigo. Hapo Wakonyo aliinuka kwenye benchi la mbele, akaenda hadi ukutani, akanyoosha mikono kulipokea tita. Kwetu mwanamke hamwachi mwenzake amesimama na mzigo. Alijua vizuri kwamba ni picha; alikuwa akitutania. Lakini saa hiyohiyo bibi wa ukutani akatua kuni zake, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Wakonyo akamgeukia Gaudencia.

“Nimemtua,” alisema. “Sasa wewe umpatie chai.”

Gaudencia alicheka huku machozi yakimtoka. Watoto wakadai nirudie. Niliirudia mara sita, na mara zote sita cucu Wakonyo aliinuka.