Makaa Juu, Makaa Chini

"Hivi Luming, mkono huo ukigoma kabisa, kifuniko cha makaa atakuinulia nani? Yule mkweo wa visiwani?"

Aling Pacing aliuliza swali hilo Desemba iliyopita, mbele ya watu, kwenye ua wa kanisa dogo la mtaa, na mdomo umemjaa bibingka, keki ya mchele aliyoioka Luming mwenyewe. Hakungoja jibu. Alijilamba siagi vidoleni, akaomba kipande kingine. Lakini swali lilimfuata Luming hadi nyumbani, likakaa naye jikoni mwaka mzima kama paka asiye na mwenyewe.

Mtaani kwao, katika zile misa za alfajiri za kuelekea Noeli, kila alfajiri nyumba moja hulisha watu wanapotoka kusali. Alfajiri ya mwisho, ile ambayo hata wavivu wa kusali huamka, ilikuwa ya nyumba ya Luming tangu enzi za mama yake. Haikuandikwa popote, ilijulikana tu. Ilijulikana pia kwamba Aling Pacing, ambaye wanawe walio ng'ambo walimnunulia oveni ya gesi inayong'aa kama gari jipya, alikuwa akiimezea mate alfajiri hiyo. Nyumba ikishindwa mara moja, zamu huhamia kwingine, na haijawahi kurudi kwa mtu.

Na bega la Luming lilikuwa haliinuki tena kupita kifua. Kifuniko cha bibingka ni bati lililopaliwa makaa mekundu, linalokaa juu ya chungu ili keki iive kwa moto wa juu na wa chini. Linainuliwa na kurudishwa, linainuliwa na kurudishwa. Anayeliinua akitetemeka kidogo tu, majivu yanamwagikia unga.

Mkwe aliyetajwa alikuwa Marivel, mke wa mwanawe Doming, binti wa wakulima wa minazi kutoka kisiwa cha Leyte. Luming hakuwa na ugomvi naye. Alimwachia samaki, alimwachia nyama ya kuchemshwa kwa siki, hata tambi za siku za kuzaliwa alimwachia. Chungu cha bibingka alimpa akipanguse tu. Marivel alikipangusa, akakirudisha rafuni.

Mwaka huu, siku padre alipokuja kubariki nyumba, Luming alisugua jikoni kote mpaka sufuria zikawa vioo. Katika kusugua huko aliosha pia kigudulia kidogo cha nyuma ya mtungi wa maji. Alikuja kugundua jioni ya kuamkia alfajiri ya mwisho, mchele umekwisha kulowekwa na kusagwa kwa jiwe, alipokitafuta akakikuta kimeinamishwa, kikavu, kinanukia sabuni. Humo ndimo ilimokuwa chachu ya mama yake, ukoko wa unga wa zamani uliokuwa ukichachusha unga mpya mwaka hadi mwaka.

Alijaribu kuuacha unga uchache wenyewe. Upepo wa Desemba ulikuwa baridi. Unga ukalala kwenye beseni kama maziwa yaliyomwagika, hauna povu wala harufu. Luming aliketi juu ya kigoda, rozari mkononi, akalitazama beseni lile.

Marivel aliingia na majani ya migomba begani. Aliangalia unga, akaangalia kigudulia, akaelewa.

"Nanay, umekiosha?" aliuliza, kwa jina la mama alilozoea kumwita mkwewe.

"Nimekiosha. Kwa mikono yangu."

"Basi umekuwa msafi kweli, maana umeibariki mpaka chachu ikaenda mbinguni."

"Usinichekeshe, mwanangu. Nenda kwa Aling Pacing. Mwambie aandae keki zake za gesi."

Marivel hakwenda. Alishusha majani chini, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Kwetu hatutii chachu ya unga, Nanay. Tunatia tembo. Likigemwa jioni bado linatoa povu, na kabla jogoo hajawika unga umejaa beseni. Mang Isko mgema ameshuka mnazini sasa hivi, nimemwona."

Tangu Ambo, mume wa Luming, azikwe na ini lililooza kwa kinywaji, pombe haikuwahi kuvuka kizingiti kile. Wageni walijua. Doming aliyekua humo alijua, akawa anakunywa soda harusini.

"Unajua unachokisema?" aliuliza Luming polepole.

"Najua, Nanay. Ndiyo maana sijawahi kukisema." Marivel alichuchumaa mbele yake. "Hakuna atakayelinywa. Moto unalimaliza, linabaki lile povu tu. Na hata padre, kila alfajiri, anainua kikombe. Hainui juisi."

"Una ulimi wewe."

"Nilikuwa nao siku zote. Hujawahi kunipa nafasi."

Luming alipapasa punje za rozari. Kupitia dirishani aliona jikoni kwa Aling Pacing kunawaka taa, na kivuli chake kinapita huku na huku, kama mtu anayejiandaa. Alimkumbuka Ambo, halafu akamkumbuka mama yake, aliyekuwa akimwaga unga akiimba. Alifanya ishara ya msalaba.

"Kalete. Na likivuka mlango, lipite moja kwa moja kwenye beseni. Lisitue mezani."

Walipoamka kabla ya kengele, unga ulikuwa umepanda mpaka ukingoni, unahema, vipovu vinapasuka kwa sauti ndogo. Luming aliinama akausikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Walibeba vyote hadi ua wa kanisa, na hapo Luming akashika kipepeo cha kuchochea moto, akasogea kando. Kusogea huko kulimuuma kuliko bega.

Marivel alipitisha majani ya mgomba juu ya moto mpaka yakalainika na kung'aa, akayatandika chunguni. Alimimina unga uliochanganywa na tui na mayai. Akainua bati la makaa kwa koleo, mkono wa mtu wa kwao, umenyooka, hautetemeki. Katikati ya kuiva aliliinua tena, akapanga vipande vya yai la bata la chumvi na jibini nyeupe, akalirudisha. Hakuna chembe ya jivu iliyoanguka.

"Moto wa juu umezidi," Luming alisema.

"Haujazidi, Nanay."

Luming alichungulia. Haukuzidi.

Keki ya kwanza ilipotoka, kahawia juu, kingo zimeungua kidogo kama inavyotakiwa, Marivel aliipaka siagi, akainyunyizia nazi, akampa yeye kwanza. Luming alitafuna. Haikuwa ya mama yake. Ilikuwa nyepesi zaidi, na ilikuwa na uchachu mtamu ulioingia puani ukatulia. Alitafuna tena, machozi yakamlenga, akasingizia moshi.

"Je?" Marivel aliuliza, koleo bado mkononi.

"Mimina nyingine. Watu wanakuja kula, hawaji kukuangalia."

Misa ilipokwisha, ua ulijaa. Waliokula mara moja walirudi kwenye foleni wakijifanya hawajala. Aling Pacing alifika na shali yake mpya.

"Jana nimeona watu wanahangaika dirishani, nikasema leo tutakula mate yetu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Hata oveni nimeiacha na moto, maana mtu huwezi kujua."

"Kula kwanza, shoga," Luming alimwambia.

Aling Pacing aling'ata. Taya likaenda mbio, kisha likapunguza mwendo. Akang'ata tena.

"Umetia nini humu?"

"Tembo."

Waliokuwa karibu waligeuka. Mtu mmoja akapaliwa na chai ya tangawizi.

"Wewe, Luming? Tembo? Katika nyumba ya Ambo?"

"Katika nyumba ya Marivel," alisema Luming, na alishangaa jinsi maneno yalivyotoka bila kukwama. "Hivi ndivyo wanavyooka kwao Leyte. Unga kachachusha yeye, majani katandika yeye, bati kainua yeye. Mimi nilipepea moto tu."

"Mama yako asingekubali kamwe."

"Mama yangu angekuwa kwenye foleni, anaomba ya pili. Kama macho yako yanavyoomba sasa hivi."

Watu walicheka. Luming hakucheka. Aliushika mkono wa Marivel, uliojaa masizi mpaka kiwikoni, akaunyanyua kadiri bega lake lilivyomruhusu ili watu wote wauone.

"Uliniuliza mwaka jana, mwenzangu, nani ataniinulia kifuniko. Huyu hapa. Na mwakani ni yeye, na alfajiri hii haiendi popote."

Aling Pacing aliutazama mkono ule, akamtazama Marivel usoni. Kisha alichukua keki moja ikiwa bado moto, akaifunga vizuri katika jani, akaongeza nyingine juu yake, akazificha zote mbili ndani ya shali, akatoka getini.