Salamu ya Koplo Chande

Filimbi ililia mara mbili kabla Hezroni hajakubali kuisikia. Akakanyaga breki. Lori la kijiji likajikokota hadi ukingoni mwa lami, nje kidogo ya mji wa Same, likanyamaza.

Mama yake, Lukia, alikuwa amemwegemea begani. Tangu walipoyapita mashamba ya mkonge hakuwa amesema kitu. La mwisho aliuliza, "Mfereji bado, mwanangu?" Hezroni akamjibu bado kidogo, ingawa mfereji wenyewe ulikuwa huko juu milimani, kwenye migomba alikozikwa baba yake, mahali walipoondolewa mwaka jana na kushushwa tambarare kwenye kijiji cha ujamaa. Baada ya hapo kichwa cha mama kilizidi kuwa kizito. Hezroni hakukitazama. Alikanyaga mafuta tu.

Asubuhi mwenyekiti wa kijiji alimpa funguo za lori, akamwambia waziwazi, "Mgonjwa mpeleke akaage kwao. Maiti, hapana. Akifia njiani mrudishe tumzike hapa, nasi tuwe na makaburi kama watu." Kijiji kilikuwa bado hakina kaburi hata moja. Mwenyekiti alilisema hilo kama mtu anayelalamikia kukosa zahanati.

"Dereva! Unashindana na treni?" Koplo Chande alikuwa mtu wa pwani, mrefu, na jasho lilimlowanisha mgongo mzima.

"Nisamehe, afande."

"Nikusamehe nini? Mwendo umeandikwa nyuma ya lori lako mwenyewe. Au ile ni rangi ya urembo?"

"Nina mgonjwa, afande."

"Kila anayekimbia ana mgonjwa. Jana mmoja kaniambia hivyohivyo, nafunua turubai, mbuzi!"

Akazunguka hadi dirisha la upande wa pili, bado akicheka. Alipomwona mama, kicheko kikakoma.

"Shikamoo, mama."

Koplo akasogeza uso dirishani.

"Masikio, afande," Hezroni alisema upesi. "Uzee."

"Shikamoo, mama!"

Nzi akatua kwenye kope ya mama. Akatembea, akasimama. Kope haikucheza. Koplo alimtazama yule nzi kwa muda mrefu, na Hezroni, mikono yote miwili kwenye usukani, alimwona mawazoni mwenyekiti akipima kwa hatua ardhi kavu ya tambarare.

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani si kijijini?"

"Nyumbani, afande."

Koplo akavua kofia. Akaingiza mkono dirishani, akamfukuza nzi, akaivuta kanga ya mama taratibu mpaka ikamfunika macho. Kisha akavaa kofia yake, na sauti yake ikarudi kazini.

"Nisikilize. Leo nakuonya tu. Nikikukamata tena nakuweka ndani. Na kwenye kizuizi hapo mbele wakikuuliza, mama amelala. Umesikia? Na mtu aliyelala haendeshwi mbio."

"Nimesikia, afande."

Kizuizini walimpungia mkono apite. Hezroni akaiacha lami, akashika njia ya vumbi, akapanda kwa gia ndogo, kona baada ya kona. Hakuwa tena na la kuwahi. Hewa ikaanza kuwa ya baridi. Migomba ikatokea, kisha sauti ya maji.

Wanawake waliobeba majani ya ng'ombe kichwani walisogea kando ya njia. Honorata, jirani yao wa zamani, alikuwa mbele.

"Shikamoo, mama Hezroni! Karibuni nyumbani!"

Hezroni alingoja, kana kwamba huenda mama angesikia sauti ya kwao.

"Marahaba," akaitikia yeye.

"Haa! Tunakuamkia wewe?" Honorata akacheka. "Umekuwa mkubwa wetu lini?"

Kisha akaitazama ile kanga.

Kicheko kikamwishia mdomoni. Akaushusha mzigo wake wa majani pembeni mwa mfereji. Mwingine akaushusha wake, na mwingine. Wakaanza kutembea nyuma ya lori. Lilikwenda polepole mno, hata hawakuhitaji kukaza mwendo.