Rudi Ukiwa na Mimba

Kichwa cha Abdiwahab kilihitaji mkono mzima wa mamake. Ramlo alikuwa na miwili tu, kwa hiyo mmoja ulishika kichwa, wa pili ukafukuza nzi, na kikombe cha maziwa kikakaa kwenye sakafu ya zahanati kikisubiri mkono wa tatu.

Mtoto alikuwa na miaka miwili. Alizaliwa na mgongo wazi; palipostahili ngozi palikuwa na kidonda. Garissa walimshona, miguu ikabaki imelala, na maji yakaanza kukusanyika kichwani. Daktari wa huko ndiye aliyemweleza Ramlo, bila kumkaripia, kwamba mwili wake ulikuwa na upungufu wa kitu kinachoitwa folik, na kwamba mama aliyezaa mtoto wa hivi anaweza kuzaa mwingine kama yeye. Anywe vidonge miezi mitatu kabla ya kushika mimba. Kabla, alirudia daktari, akaandika kikaratasi ili vidonge achukue karibu na nyumbani. Kwenda na kurudi Garissa kulikuwa kumeshakula mbuzi wawili.

Karibu na nyumbani ndipo hapa, nje ya Ijara: vyumba viwili, benchi moja, sista mmoja. Sista alikuwa mtu wa Meru, mwaka wa tatu akisubiri uhamisho, na aligawa ucheshi kwa sababu ndicho kitu pekee kisichoandikwa kwenye rejista.

"Mimba ina miezi mingapi, mama?"

"Sina mimba. Nataka fidonge ya folik. Daktari amesema kabla."

Sista alisoma kikaratasi pande zote mbili, hata ule upande mtupu.

"Hiyo kabla ni ya watu wa Nairobi. Hapa ukija na mimba nakupa kitabu cha kliniki, na mwenye kitabu ndiye nampa dawa." Akafungua rejista, akaigeuza Ramlo aione. "Mjamzito. Aliyejifungua. Wewe nikuandike wapi?"

"Andika mama ya huyu."

Sista alimtazama Abdiwahab, kisha mlango wa stoo. Ulikuwa wazi. Maboksi ya vidonge yalikuwa yamepangwa hadi kwenye dirisha.

"Wakaguzi wakikuta kidonge hakina jina la mjamzito, nalipa mimi."

"Sisi ngamia tunapeleka kwa chumvi kabla ya dume," Ramlo alisema. "Si nyuma yake. Nyuma ni kazi bure. Hata mtoto ya hapa anajua."

Wanawake wa kwenye benchi walicheka. Sista naye akacheka.

"Basi nenda kwa daktari wa mifugo, mama."

Ulikuwa utani, ila ulikuwa na anwani. Wiki hiyohiyo lori la mifugo lilishusha mawe ya chumvi kwa kila boma lenye majike, na hakuna ngamia aliyeulizwa kama ana mimba.

"Rudi ukiwa na mimba," sista alisema, na alisema kwa upole. "Nitakupa mpaka uchoke."

Nyumbani Gelle alikuwa amerudi kutoka malishoni. Ramlo alimwomba mumewe miezi mitatu.

"Miezi mitatu nitakuwa nimeshafika mtoni na mifugo," Gelle alisema. Hakuwa mtu wa kelele. "Na hiyo dawa unayo?"

"Sina."

"Sasa tunasubiri nini?"

Mama yake Gelle, Rahmo, aliyekuwa akifukiza vibuyu vya maziwa, hakuinua uso.

"Dawa ya kunywa kabla ya mimba naijua. Ni ya kufunga tumbo."

"Siyo hiyo, hooyo," Ramlo alimwambia mama mkwe. "Ni ya mgongo wa mtoto."

"Usinifanye mtoto, binti yangu. Mwanangu anataka mtoto wa kuchunga mifugo. Pale Ijara kuna binti bado hajaposwa, na hana maneno ya daktari."

Ilwad, jirani mwenye mimba ya miezi sita, alimchangia vidonge saba kati ya vyake. Ramlo alivinywa siku saba. Siku ya nane vidonge vilikuwa vimekwisha, na Gelle bado alikuwepo.

Alipokosa damu mwezi wa kwanza alidhani ni njaa. Wa pili akajua. Akambeba Abdiwahab, akatembea asubuhi nzima hadi zahanati.

Sista alipima mkojo, akahesabu kwa kalenda, uso ukamchangamka.

"Wiki kumi tu. Wenzako wananijia tumbo limewatangulia mlangoni." Akaandika kitabu kipya, akavuta boksi, akaanza kuhesabu vidonge kwenye bahasha. Aliongeza ya pili bila kuombwa.

"Mgongo ya mtoto inafunga wiki ya ngapi?" Ramlo aliuliza.

Kidole cha sista kilisimama juu ya vidonge.

"Nani amekwambia mambo hayo?"

"Daktari. Alisema wiki ya nne inakwisha. Mama hata hajajua."

"Wewe kunywa tu, mama. Mungu yupo."

"Yupo," Ramlo alisema. "Mimi nauliza mgongo."

Sista alifunga bahasha. Mgongo wa mtoto aliye tumboni huonekana kwa mashine, na mashine iko Garissa. Hapa palikuwa na karatasi ukutani ya kuandika majina ya akina mama walioanza kliniki mapema, na mwezi huo ilikuwa haijapata hata jina moja. Sista akaligeukia benchi.

"Mmemwona mama huyu? Wiki kumi, ameshafika. Huyu ndiye mfano. Hebu mpigieni makofi."

Wakapiga. Ilwad, aliyekuja kuongeza vidonge vyake, alipiga akitazama sakafu.

Kidonge cha kwanza hunywewa mbele ya sista. Ramlo alipokea maji, akameza, na makofi yakazidi.

Abdiwahab alipenda makofi. Akiwa kwenye paja la mamake, aliinua mikono, akalenga kiganja kwa kiganja. Vikapishana. Akacheka, akalenga tena.